Kuhamia Progreso, pwani ya Yucatán: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mtoto wa Tanga, Ngamiani. Tangu Oktoba 2021 naishi na mume wangu na binti yetu Progreso, mji wa bandari katika jimbo la Yucatán, Meksiko, baada ya miaka kumi na moja ya Houston. Haipiti wiki bila ujumbe kutoka Dar, Mombasa, Muscat au Minneapolis: dada, na sisi tunataka kuja kukaa huko, tuanzie wapi? Majibu yangu nimeyakusanya hapa. Ni ya mtu anayekaa hapa miezi yote kumi na miwili, kwa hiyo mengine hayatafanana na picha mlizoziona.

Progreso ni wapi hasa, na kwa nini hamkwenda Cancún?

Toka Mérida, mji mkuu wa Yucatán, ushike barabara ya kaskazini. Baada ya kilometa 36 hivi barabara inaishia baharini, na hapo ndipo Progreso. Sensa ya 2020 ilihesabu watu kama 66,000 katika wilaya nzima, kwa hiyo ni mji ambao muuza tortilla anakujua kwa sura, na ukikosa siku tatu anauliza kama unaumwa.

Jambo la kwanza utakaloliona ni gati. Limeingia baharini kilometa sita na nusu, kwa sababu sakafu ya bahari hapa ni jiwe la chokaa linaloteremka polepole mno, na meli kubwa haiwezi kusogea. Kipande cha mwanzo kilijengwa na kampuni ya Denmark kati ya 1937 na 1941, kwa nondo za chuma kisichoshika kutu, na matao yake yamesimama mpaka leo. Siku meli ya watalii inapofunga, calle 80, yaani mtaa wa 80, hujaa watu mpaka alasiri, kisha meli inang'oa nanga na mji unarudi kwa wenyewe.

Cancún na Playa del Carmen ziko jimbo jingine, Quintana Roo, kwenye bahari ya Karibi. Maji yao ni ya buluu kama ya Nungwi, sibishi. Yetu ni ya Ghuba ya Meksiko, ya kijani, na upepo ukivuma yanavurugika. Lakini kule kila mwaka, miezi ya joto, mwani wa sargaso hutupwa pwani marundo kwa marundo, unaoza na kunuka, na kodi za nyumba zimepandishwa na utalii. Sisi tulitaka mji wenye soko, shule na wavuvi.

Kila mara unataja mkonge. Tanga na Yucatán zinahusiana nini?

Zinahusiana sana, na ndiyo sababu nilijihisi nimefika nyumbani kabla sijajua maneno kumi ya Kihispania. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Na Florida nayo ilikuwa imepelekewa mmea huo kutoka Yucatán. Kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba tuliyoyakuta Muheza, Ngomeni na Korogwe, hata nchi yetu ikaongoza dunia nzima. Mwaka 1964 tulivuna tani 230,000 hivi. Hata jina ambalo Wazungu wanauita, sisal, ni jina la bandari: Sisal ipo bado, kijiji cha wavuvi magharibi ya hapa, ndiko nyuzi zilikopakiwa zamani. Progreso ilianzishwa 1871 ichukue kazi hiyo.

Mmea wa hapa wanauita henequén, ni ndugu wa mkonge wetu, majani yake yana miiba ukingoni. Nilipelekwa kuona shamba la zamani, na mzee mmoja aliyewahi kukata majani akanionyesha kovu katikati ya kiganja, pale mwiba wa ncha unapoingia ukikosea kushika. Babu yangu alikuwa na kovu mahali hapo hapo. Nilishindwa kusema kitu, nikamshika tu mkono.

Nina pasipoti ya Tanzania au Kenya. Naingia bila viza?

Hapana, viza inahitajika. Ila ukiwa na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen, au ukaazi wa kudumu wa mojawapo ya nchi hizo, unaruhusiwa kuingia kutembea bila viza ya Meksiko. Kama huna, Meksiko ina ubalozi Nairobi, na Watanzania pia huhudumiwa huko. Angalia pia njia ya ndege: ukipitia Marekani, hata kubadili ndege tu, utadaiwa viza ya Marekani. Wanaotoka nyumbani bila hiyo hupitia Ulaya au Istanbul mpaka Mexico City au Cancún.

Mgeni hupewa siku zisizozidi 180, na ofisa wa mpakani ndiye anayeandika ngapi. Siku 180 si haki yako. Wapo waliopewa thelathini.

Ukaazi unapatikanaje?

Unaanzia nje ya Meksiko. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanakuja kutembea wakidhani watabadilisha wakiwa ndani. Njia hiyo ni ya wachache, hasa aliyeoa au kuolewa na raia au mkaazi.

Unaomba miadi katika ubalozi au ubalozi mdogo wa Meksiko, unakwenda na taarifa za benki, unahojiwa. Wakikubali wanakubandikia viza ya siku 180. Hiyo viza bado si ukaazi, ni ruhusa ya kwenda kuuchukua. Ukifika uwanja wa ndege mwonyeshe ofisa ukurasa wenye viza, na kabla hujaondoka dirishani hakikisha ameandika siku 30 za kubadilisha, wala hakukugongea muhuri wa mtalii. Mume wangu aligongewa wa mtalii. Kulirekebisha lile kosa dogo kulitugharimu wiki tatu za kwenda na kurudi. Tangu hapo kila ninayempokea namwambia kwanza: simama pale pale, soma muhuri wako.

Ndani ya siku hizo 30 unakwenda ofisi ya uhamiaji, hapa kwetu ni Mérida, unalipa ada, wanachukua alama za vidole na picha, unapata kadi. Kadi ya kwanza ya ukaazi wa muda ni ya mwaka mmoja. Ukihuisha unaweza kupewa mpaka mitatu mingine. Ikitimia minne unaomba ukaazi wa kudumu, na sisi tumeupata. Ada hupandishwa kila mwaka unapoanza, kwa hiyo usitegemee kiasi alicholipa rafiki yako.

Cheti cha ndoa na vya kuzaliwa vithibitishwe kisheria huko huko vilikotolewa, kisha vitafsiriwe Kihispania na mtafsiri aliyesajiliwa hapa. Mtafsiri aliyesajiliwa wa Kiswahili mimi sikumpata. Wa Kiingereza ni wengi, basi chukueni vyeti vyenye Kiingereza.

Wanataka uwe na pesa kiasi gani?

Kipimo kilichozoeleka ni kima cha chini cha mshahara wa Mexico City kwa siku. Kwa ukaazi wa muda wanataka kipato cha kila mwezi kinachofikia siku 300 za kima hicho, kwa miezi sita iliyopita, au akiba ya siku 5,000 iliyokaa benki mwaka mzima. Mwaka 2025 kima kilikuwa peso 278.80, yaani kipato cha peso 83,640 kwa mwezi au akiba ya peso 1,394,000. Ni nyingi, najua, na kila Januari zinaongezeka. Balozi nazo hazihesabu sawasawa, kwa hiyo swali la kwanza muulize ubalozi wako.

Na pesa yako ikiwa ya dola, jifunze kuishi na peso inayopanda na kushuka. Aprili 2024 dola moja ilitupa chini ya peso 17. Mwisho wa mwaka huo huo ilifika 20. Sisi bajeti yetu tunaipanga kwa kiwango kibaya, kikipanda tunaweka akiba.

Kazi zipo?

Mishahara ya hapa ni midogo, na kwa kazi ya hapa unahitaji kibali cha uhamiaji juu ya kadi yako. Wageni karibu wote tunaojitegemea tunalipwa kutoka nje. Mimi natafsiri maandishi ya Kiswahili, mume wangu ni mhasibu wa kampuni iliyoko Texas. Mambo ya kodi mtafute mhasibu wa hapa mapema, msingoje barua.

Nyumba ya kupanga tunaipataje, na bei zikoje?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipoumia.

Mwaka wa kwanza tulipata nyumba nzuri mbele ya bahari kwa bei ambayo hatukuiamini. Tukakubaliana kwa maneno, tukalipa, tukapaka rangi chumba cha mtoto. Juni 2022 mwenye nyumba akatuambia, kwa upole kabisa, tupishe mpaka Septemba. Tulidhani hatukuelewa Kihispania. Tulikuwa tumeelewa. Julai na Agosti ni *la temporada*: familia za Mérida zinahamia pwani, na nyumba za mstari wa mbele zinarudi kwa wenyewe au zinapangishwa kwa wiki kwa bei mara tatu. Bei ile nzuri ilikuwa ya miezi kumi tu, kila mtu hapa alijua isipokuwa sisi. Tulilala kwa jirani siku nne na vitu vyetu vikiwa barazani kwake.

Kwa hiyo uliza kwa maneno haya haya: bei ni ya mwaka mzima, Julai na Agosti pamoja? Kisha iandikwe. Mkataba ni wa Kihispania, mwezi mmoja wa amana ni kawaida, na wengi watataka *fiador*, mdhamini mwenye nyumba yake jimboni. Mgeni hana mtu huyo, ila ukiongeza amana mara nyingi mnaelewana.

Usitafute mtandaoni peke yake, huko bei ni za wageni. Fikia chumba cha wiki mbili, halafu kila asubuhi tembea. Utaona kibao cha *se renta*, inapangishwa, kimeandikwa kwa mkono, na bibi wa mlango wa pili anajua mwenyewe ni nani. Sogea nyuma ya mstari wa bahari. Sisi tuko mitaa minne ndani, vyumba viwili, tunalipa peso 9,500 kwa mwezi, na upepo wa bahari unatufikia. Anwani husomwa hivi: calle 29 *por* 76 y 78, yaani mtaa wa 29, katikati ya ule wa 76 na ule wa 78. Namba shufwa zinakwenda kusini na kaskazini, witiri mashariki na magharibi. Ukishalijua hilo hupotei.

Ukiingia kukagua, tazama kuta za vyumba. Utaona kulabu za chuma zimezamishwa ukutani, mbili mbili, zikitazamana. Ni za machela, kitanda cha wavu kinachoning'inia. Watu wa Yucatán hulala kwenye machela maisha yao yote, wanazaliwa humo na wengine wanafia humo. Mwezi wa Mei, joto likizidi, na wewe utakiacha kitanda.

Tununue kiwanja au nyumba?

Kaeni kwanza mwaka mzima, muone Agosti, Septemba na Januari. Nalisema kwa kila mtu, na ninawaomba mlishike.

Sheria yenyewe ni hii. Ibara ya 27 ya Katiba ya 1917 inamkataza mgeni kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilometa 50 kutoka pwani. Kinachofanyika ni *fideicomiso*: benki inashika hati kwa niaba yako kwa miaka 50 inayoweza kuongezwa, nawe una haki ya kuishi, kupangisha, kuuza na kurithisha. Ni njia halali na imezoeleka, ina ada ya kila mwaka. Mtu akikuambia utumie jina la raia ili ukwepe gharama, mshukuru uondoke.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ardhi ya *ejido*, ardhi ya jumuiya ya wanakijiji. Tangu mabadiliko ya 1992 inaweza kugeuzwa kuwa ya mtu binafsi, lakini mpaka utaratibu huo ukamilike haiuziki kwako, hata wakupe karatasi yenye mihuri saba. Bei yake ni nusu, na ndiyo inayowavuta watu. Hapa *notario* si mtu wa kugonga muhuri tu kama nyumbani: ni mwanasheria mwenye mamlaka ya serikali, ndiye anayechunguza hati na kuandika uhamisho. Mchague mwenyewe, usichaguliwe na anayeuza.

Na pwani yenyewe haiuzwi. Meta 20 kutoka maji yanapofika ni eneo la taifa, kila mtu apite. Tembeeni Chelem, kijiji cha magharibi yetu, muone nyumba ambazo bahari imeshakula ngazi, ukuta, na sasa iko kwenye baraza.

Hali ya hewa ikoje?

Ninyi watu wa pwani mnajua kaskazi na kusi. Basi hapa pia kuna kaskazi, jina lake ni hilo hilo: *el norte*, yaani kaskazini. Kuanzia Novemba mpaka Machi hivi, baridi ikishuka kutoka Marekani inavuka Ghuba na kutufikia kama upepo. Asubuhi bahari imelala kama sahani. Kufikia saa nane mchana upeo umekuwa mweusi, wavuvi wamevuta mashua mpaka juu ya mchanga, na jioni mchanga unakuchapa miguu kama sindano. Hukaa siku mbili tatu, bandari inafungwa kwa mashua ndogo, na samaki sokoni wanapungua. Kaskazi yetu ilileta majahazi ya Uarabuni. Norte inaleta sweta.

Aprili na Mei ndiyo joto lenyewe. Mérida hupita digrii 38 na kuelekea 40. Sisi tunaokolewa na upepo wa bahari wa alasiri. Mvua huanza Juni. Vimbunga ni Juni mpaka Novemba, na Septemba ndiyo ya kuogopwa. Gilberto wa Septemba 1988 wazee wanausimulia kama ulikuwa jana, Isidore ukaja Septemba 2002. Oktoba 2024 Milton ulipita baharini kaskazini yetu bila kutua, na hata hivyo maji yaliingia mitaa ya mbele. Tulifunga mbao madirishani, tukaweka hati zote kwenye mfuko wa plastiki, tukaenda kulala Mérida. Serikali ikisema ondokeni, ondokeni. Nyumba itabaki au haitabaki, kukaa kwenu hakuisaidii.

Umeme na maji?

Umeme ni wa shirika la taifa, CFE, bili inakuja kila baada ya miezi miwili, hakuna cha kulipia kabla kama Luku. Bei ina ruzuku, lakini ukitumia kupita kiasi kwa muda unahamishiwa daraja la juu na ruzuku inakatwa. Kiyoyozi cha usiku kucha ndicho kinachowahamisha watu. Feni na machela vinatosha miezi minane.

Maji ya bomba si ya kunywa. Tunanunua dumu la lita 20, *garrafón*, gari linapita likipiga honi. Juu ya paa kuna tangi jeusi kama letu, na majitaka ya choo yanakwenda kwenye shimo la kila nyumba.

Mgeni anayekusumbua kila siku ni kutu. Chumvi inakula friji, bawaba, nyaya, hata zipu za mabegi. Friji yetu ya kwanza ilitoboka chini baada ya miezi kumi na tisa. Sasa kila Jumamosi nafuta vyuma kwa maji yasiyo na chumvi na kitambaa, halafu mafuta kidogo. Usilete vyombo vya bei kubwa. Kompyuta yangu inalala ndani ya boksi la plastiki lenye mchele kwenye kimfuko.

Tutakula nini?

Mtakula vizuri. Habanero, pilipili ya Yucatán, ni jamii moja na pilipili mbuzi: harufu ile ile, moto ule ule. Embe na nazi huuzwa ufukweni kwa pilipili ya unga na ndimu, kama Forodhani. Chaya ni majani ya miti ya uani, ndugu wa kisamvu, na kama kisamvu hayaliwi mabichi, lazima yachemke. Nayatia tui na karanga. Jirani yangu alionja mara moja, siku hizi ananiletea majani bila kuombwa.

Pweza! Msimu wake unafunguliwa tarehe 1 Agosti, unafungwa 15 Desemba. Hawamchokoi mwambani kwa kijiti kama akina mama wa kwetu. Mashua ndogo huachiwa isukumwe na mkondo, fito mbili ndefu zikitokeza mbele na nyuma, nyuzi zinaning'inia, kila moja imefungwa kaa. Pweza anamkumbatia kaa, hataki kumwachia, anavutwa juu. Alfajiri ya tarehe mosi mji mzima uko pwani. Mimi nampika kwa nazi, na mbuzi ya kukunia nimeibeba toka Tanga.

Ugali wa unga wa tortilla hautapendeza, mahindi yake yamechemshwa na chokaa. Tafuteni unga wa mahindi wa kawaida Mérida.

Ukiugua?

Homa na kikohozi unakwenda kwa daktari wa chumba kilicho ubavuni mwa duka la dawa, bei ndogo, hakuna miadi. Kubwa zaidi ni Mérida, dakika arubaini kwa gari, kwenye madaktari bingwa. Hospitali binafsi huomba amana kabla ya kukulaza, kadi yenye nafasi iwe tayari. Mkaazi anaweza kujiunga kwa hiari na bima ya taifa ya IMSS kwa malipo ya mwaka, lakini mwenye maradhi fulani makubwa tangu awali, kama saratani, hapokelewi, na baadhi ya upasuaji una muda wa kungoja. Dharura ni 911.

Mtu mweusi anapokewaje?

Nitajibu kwa ukweli, kwa sababu najua ndilo swali lililo nyuma ya maswali yote.

Majirani wamenipokea kwa moyo. Mtaani naitwa *morena*, maji ya kunde, sokoni *negrita*, kijeusi, na mara nyingi sautini hamna ubaya. Hata hivyo hilo *negrita* mimi silizoei, na muuza samaki wangu nilipomwomba aniite kwa jina langu aliliandika kwenye kibao chake ili asilisahau. Kila mtu hudhani natoka Cuba. Watoto huangalia nywele za binti yangu, na mara mbili mtu mzima amezishika bila kuuliza. Binti sasa anajua kusema *no me toques*, usiniguse, na kusogea nyuma.

Gumu ni vizuizi vya uhamiaji barabarani, hasa njia ya Cancún. Basi linasimamishwa, ofisa anapanda, anapita Wazungu kumi, anasimama mbele yetu. Anatafuta wahamiaji wanaoelekea Marekani na rangi yetu ndiyo kipimo chake. Ni uonevu, na unauma kila safari, hasa mtoto akitazama. Kadi ya ukaazi isitoke mwilini, kadi halisi, picha ya simu haitoshi.

Na mjue hamji kwenye nchi isiyo na watu wetu. Sensa ya 2020 ilipowauliza watu kwa mara ya kwanza katika hesabu kamili, zaidi ya milioni mbili na nusu walijitambulisha kuwa wana asili ya Afrika, asilimia 2 ya nchi, na Katiba iliwatambua mwaka 2019. Jamii zao zinazojulikana zaidi ziko Costa Chica, pwani ya Guerrero na Oaxaca. Jimbo la Guerrero limepewa jina la Vicente Guerrero, rais mwenye damu ya Afrika aliyefuta utumwa mwaka 1829. Binti yangu alisoma habari zake shuleni, akaja mbio kunionyesha picha kitabuni.

Usalama?

Meksiko ni kubwa, na habari za Sinaloa, jimbo la magenge ya dawa za kulevya, si za hapa. Yucatán kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa majimbo yenye mauaji machache kabisa, na hata serikali ya Marekani katika tahadhari zake huiweka ngazi ya kwanza, ya chini. Nafunga mlango, sitembei na pesa nyingi, basi.

Kihispania ni lazima?

Lazima. Na kabla ya sarufi, salamu. Hapa kama kwetu, huingii dukani ukaanza na shida yako. Unasema *buenos días* kwa wote waliomo, hata wanaongoja foleni. Anayekula unamwambia *provecho*, mlo mwema. Mtu mzima ni *don* au *doña*, fundi ni *maestro*. Mwenye kulelewa na shikamoo atakuwa na wepesi mkubwa. Vijijini mtasikia Kimaya pia. Jifunzeni *ma'alob*, nzuri, muone nyuso zinavyofunguka.

Mnaswalije?

Nyumbani. Kibla ni kaskazini-mashariki, kwetu inaangukia dirisha la bahari. Nyama tunajinyima, samaki wapo. Idi tunaifanya uani na majirani, na biriani haijawahi kubaki. Wakristo hawana shida, makanisa ni mengi.

Shule ya mtoto?

Ya serikali, mtaa wa pili, kwa Kihispania. Miezi mitatu ya machozi, wa nne akaanza kunisahihisha.

Kuongea na nyumbani?

Tanga iko mbele saa tisa, mwaka mzima, kwa kuwa Meksiko iliacha kubadili saa mwaka 2022. Nikiamka saa kumi na mbili asubuhi, kwa mama ni saa tisa alasiri, amemaliza kula, ana nafasi. Ndiyo saa yetu. Jioni yangu ni usiku wa manane wake, simsumbui.

Tukitaka kuja kuona kwanza, tuje mwezi gani?

Septemba, muuone mji katika hali yake ngumu. Joto, mbu, mvua, nusu ya migahawa imefungwa, watoto wamerudi shule na ufukwe ni mtupu. Shukeni kituo cha basi toka Mérida, mtembee na calle 80 mpaka maji yanapoanza. Kona ya mwisho kuna mama anayeuza nazi, mwambieni mnamtafuta *la africana*, atawaonyesha kwangu. Pweza atakuwa jikoni.